Baiskeli Inayohamia Kushoto

Jumamosi, 1 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imetunyeshea mchana, na katikati ya mvua hiyo akaingia Umulisa na mashine.

Umulisa ni kitinda mimba wetu. Anafanya kazi Masoro, katika kiwanda kipya kinachounganisha mashine za gemu, zile za kushika mkononi. Yeye huwapa watu mashine za majaribio wakacheze nyumbani kwao, kisha anawauliza wamependa nini na wamechukia nini. Mwezi wa sita kiwanda kitaanza kuzitoa kwa maelfu, kwa hiyo kila kosa linatakiwa lijulikane kabla mvua hazijakatika.

"Papa, weye uko na muda," ameniambia. Watoto wakishajua umestaafu wanaona umekuwa ghala la muda, wanakuja kuchota.

"Na naomba kitu kimoja. Usiniambie nta kibazo. Watu wote wananiambia nta kibazo. Nimewapa mashine watu arobaini, wote hawana shida hata moja! Iko mashine gani ya hivyo duniani?"

Nimemwahidi kuandika kila kitu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea Karagwe, kule Tanzania tulikokulia kama wakimbizi. Tena Daphrose, mke wangu, aliyekulia Bujumbura, Kiswahili chake ni cha sokoni, kukisoma kunamchosha. Mtu anahitaji mahali pa kusema yake bila kusahihishwa.

Jumapili, 2 Machi

Nimecheza baada ya ibada. Yaliyonipendeza: mashine ni nyepesi, inaingia mfuko wa koti, na betri imedumu mpaka mimi ndiye nikachoka. Yaliyoniudhi: maandishi yake ni madogo, ni wazi yaliandikwa na kijana. Vitufe vya kulia vimebanana, ukibonyeza kimoja unapata viwili. Ikichezwa muda mrefu inapata joto tumboni.

Gemu lenyewe ni la mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya viazi. Unamteremsha barabara ya Gatsata hadi Nyabugogo, na mvua inanyesha humo ndani pia. Unamwongoza kwa kijiti kidogo kilicho chini ya kidole gumba cha kushoto. Nimejaribu mara nyingi sana. Mtu wangu anahamia kushoto. Namshika vizuri, anakwenda, halafu taratibu anaiacha njia yake ya kulia, anavuka katikati, anakutana na lori uso kwa uso. Viazi barabara nzima.

Sijui nakosea wapi.

Jumanne, 4 Machi

Kushoto tena. Mvua siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipeleka mashine kwa Usumani, fundi cherehani wa hapa chini, karibu na kituo cha moto, zile pikipiki za abiria. Ni rafiki yangu tangu tulipohamia Kagarama. Babu yake alikuja na msafara wa wafanyabiashara wa pwani, na yeye mwenyewe amezaliwa Biryogo hapahapa Kigali. Ndiye mtu pekee mtaani ninayeweza kuongea naye Kiswahili bila kutafuta maneno. Yuko kwenye mfungo, na amesema mashine imemsaidia kusogeza saa za alasiri. Yeye ameipenda sauti ya mvua ya humo ndani. Alichochukia ni kwamba mgongo wake unateleza, akaahidi kuishonea kava ya kitambaa cha jinzi.

Nilipocheza mimi akawa anatazama juu ya bega langu.

"Mzee Kagabo, huyu mtu wako iko anaenda wapi?"

"Sijui. Mimi namwelekeza kulia."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe umekulia Tanzania! Kule magari yanapita kushoto. Vidole vyako bado viko Karagwe, bwana, havijavuka mpaka!"

Nimecheka naye. Njia nzima ya kurudi nimefurahi, kwa sababu nimepata jibu. Lakini kufika getini nikajiuliza: nimeendesha gari Kigali hii miaka thelathini, upande wa kulia, bila kumgonga hata mbuzi. Mbona gari langu halikuwahi kwenda kushoto?

Jumapili, 9 Machi

Umulisa amepiga simu kuchukua ripoti. Nimemweleza maandishi madogo, vitufe, joto, mgongo unaoteleza. Amefurahi, amesema mimi ni bora kuliko watu wake wote arobaini.

"Na kijiti, Papa? Kinakuendea vizuri?"

Nikasema, "Nta kibazo."

Neno limetoka lenyewe. Nimekaa na simu mkononi baada ya kukata, nikijiuliza kwa nini nimemdanganya. Hapa naweza kusema. Kaka yangu Gasana, aliyebaki Karagwe, ana ugonjwa wa kutetemeka. Ulimwanzia kidole gumba cha kushoto. Kilikuwa kinasuguana na kidole cha pili muda wote, kama anayesaga punje ya mtama, na sisi tulikuwa tunamtania. Leo Gasana analishwa kwa kijiko na mkwewe. Mimi nina kidole gumba cha kushoto kisichoweza kumwendesha mtu wa baiskeli. Naogopa. Basi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo amefika hadi daraja kabla ya kugonga. Pengine ni mazoezi tu.

Jumanne, 18 Machi

Nimemgombeza Usumani. Shati alilonishonea mwaka jana, tundu la kifungo la mkono wa kulia ni dogo mno. Asubuhi nimehangaika nalo mpaka Daphrose akaja kunifungia.

Usumani ameliangalia tundu, akaliangalia tena. "Hii ni sawa na ya upande wa pili."

"Basi na hiyo ya pili ni ndogo."

Amelipanua, hakubishana. Mtu mwenye swaumu hapendi ugomvi.

Kifungo cha mkono wa kulia hufungwa kwa mkono wa kushoto. Hilo nimelifikiria nikiwa njiani, nikaacha kulifikiria.

Jumapili, 23 Machi

Nimpe Umulisa haki yake, kuna kitu katika mashine hii nimekipenda kuliko vyote: kitufe cha kusimamisha. Lori linakuja, umeshachanganyikiwa, unabonyeza, na kila kitu kinasimama, mvua, lori, viazi hewani. Unakwenda kunywa chai. Unarudi, unakuta balaa lako linakungoja palepale ulipoliacha.

Daphrose hajaipenda. Anaiita *akamashini*, yaani kimashine, kwa sauti ile anayomtajia panya. Anasema mwanga wake unaumiza macho, kengele zake zinamkatiza sala, na kwamba ameolewa na mtu mzima, hakuolewa na mwanafunzi. Nimemwambia aijaribu walau mara moja. "Reka, niache," amesema. "Nikianza mimi, nani atapika?"

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tumezibua mitaro ya barabara ya chini kabla mvua haijaikata. Nilikuwa na koleo, na mkono wa kushoto ukaanza kuchezacheza kwenye mpini. Niliutia mfukoni, nikajifanya nasimamia vijana. Mwenyekiti wa mtaa akasema, "Mzee Kagabo amerudi ofisini kwake." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Ilikuwa baridi. Baridi inatetemesha kila mtu.

Jumapili, 30 Machi

Idd. Pilau kwa Usumani, na kava ya jinzi tayari. Mashine haitelezi tena. Mtu wangu bado.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya kuwakumbuka wetu waliouawa. Hakuna michezo. Mashine iko kabatini, na sisi tumekaa.

Jumanne, 15 Aprili

Mke wa Gasana amepiga simu kutoka Karagwe. Amempa Gasana simu. Nilisikia pumzi yake, na simu ikigonga meno. Alitaka kusema jina langu, likachukua muda mrefu. Nilimwambia mvua ni nzuri huku, mahindi ya jirani yamekuwa marefu, na vitu vingine ambavyo hakuniuliza.

Baadaye nimeitoa mashine kabatini. Kushoto, kushoto, kushoto. Nikaitupa kwenye kochi na Daphrose akaja kuiokota.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Umulisa amekuja kula nasi. Wakati Daphrose yuko jikoni, nikamwuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za kiwanda.

"Hivi wachezaji wenu wengine, baiskeli inawaendea wapi?"

Amenitazama haraka. "Kwa nini, Papa?"

"Nauliza tu."

"Iko wengine inawaendea kushoto. Hawasemi, lakini nikikaa nao naona. Bosi amesema ni wale waliokulia Uganda na Tanzania, wamezoea barabara za kushoto. Ameshaiweka hata kwenye ripoti. Wanataka kuongeza somo mwanzoni mwa gemu, la kuwafundisha watu wa kushoto."

Sijui nilitaka kumbusu bosi huyo au kumwita mjinga. Kwa hiyo niko na wenzangu! Lakini wenzangu ni wa nini? Wa Karagwe au wa kutetemeka? Na kama ni mazoea ya barabara, mimi nilipokuwa Karagwe nilikuwa na baiskeli ya kuazima na njia ya ng'ombe, isiyo na kushoto wala kulia.

Sielewi kitu. Nimekula nyama nyingi.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo Masoro. Kiwanda kimewaita wachezaji wa majaribio wakutane na mainjinia, na Umulisa alinipitia kwa gari. Chumba kizuri, chai na maandazi, vijana wenye vitambulisho shingoni. Bosi, mwanamume mpole aliyenyoa kichwa, alisimama akatuomba tuseme ukweli bila aibu.

Nilijua kitakachotokea, maana nami ni wa humuhumu nchini. Mtu amekupa kitu chake, amekupa na chai. Utamwambiaje usoni kwamba kitu chake hakifai? Mama mmoja alisema rangi ni nzuri. Mwingine alisema rangi ni nzuri, lakini nyekundu ingekuwa nzuri pia. Mzee mmoja alishukuru kiwanda, akamshukuru Mungu, akakaa. Umulisa alikuwa ananiangalia kutoka ukutani.

Ndipo akasimama Ntare, mfanyabiashara wa vyuma, mtu mnene mwenye sauti, aliyekulia Mbarara. "Mimi naomba kusamehewa," akasema. "Baiskeli yangu inaenda kushoto kila siku. Lakini ni makosa yangu. Sisi wa Uganda tuliharibika mapema."

Chumba kizima kilicheka. Na katika kile kicheko nikaona vichwa vingi vinatikisika kwa kukubali. Mwingine akasema naye ni wa Uganda. Mwingine wa Kagera. Mainjinia wakaandika. Bosi akatabasamu kwa sababu ripoti yake imethibitika. Kila mtu aliyesimama alijilaumu mwenyewe, na kila aliyejilaumu akapigiwa makofi.

Nilinyoosha mkono wa kulia. Nikasimama. Nilitaka kuuliza: kuna mtu yeyote humu aliyekulia hapahapa Rwanda, au Burundi, ambako watu wanapita kulia? Yeye inamwendea wapi? Swali hilo moja lingetosha. Lakini kama wangejibu kwamba yao inakwenda sawa, ningebaki na nini? Nikasema maandishi ni madogo. Nikakaa. Nikapigiwa makofi.

Katika gari tulipofika njia panda Umulisa akasema, "Papa, nilidhani weye utaniambia." Nikamwambia nimechoka.

Najichukia leo.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imeangusha ukuta wa jirani. Hakuna aliyeumia.

Jumamosi, 3 Mei

Niandike vizuri jambo hili, maana mikono yote miwili inatetemeka, na safari hii ni kwa furaha.

Nilikuwa nimetoka kwa Usumani. Kuingia ndani kimyakimya, kwa kuwa nilivua viatu vyenye matope mlangoni, nikasikia mvua. Nje kulikuwa kukavu. Nikachungulia jikoni. Mke wangu, aliyeolewa na mtu mzima, amekaa kwenye kigoda, miwani puani, akamashini mikononi, ameuma ulimi.

"Daphrose!"

Aliruka. "Mana yanjye! Unataka kuniua?"

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliitupa kwenye kochi. Nilitaka nione ni kitu gani kinakukasirisha hivyo." Akavuta kanga mabegani kama aliyefumaniwa. "Na sasa mimi pia kinanikasirisha. Huyu mtu hanisikii. Mimi namwambia huku, yeye anaenda huku."

"Huku wapi?"

"Kushoto, si unaona!"

Daphrose. Bujumbura. Kulia tangu kuzaliwa. Tena hajawahi kuendesha hata toroli.

"Cheza nione," nikamwambia.

Akacheza. Mtu akahamia kushoto, taratibu, kwa mwendo ninaoujua mimi kuliko mtu yeyote. Wakati huohuo maharagwe yakafurika na Daphrose akaiweka mashine juu ya meza, akakimbilia sufuria. Akashusha moto, akafunua, akakoroga. Mimi macho yangu yako mezani. Mashine imelala peke yake kati ya vitunguu na chumvi. Hakuna mtu aliyeishika. Na yule mtu wa baiskeli, na viazi vyake, akahamia kushoto mwenyewe mpaka akaingia kwenye lori.

"Iko inaenda yenyewe!" Daphrose alisema akiwa na mwiko mkononi. "Umeona? Mi sikushika kitu!"

Nilimkumbatia na mwiko wake. Shati langu lina maharagwe hadi sasa. Aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia siumwi. Nilimwambia mara nyingi, siumwi, Daphrose, siumwi kitu chochote, na yeye akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akarudi kukoroga.

Jumapili, 4 Mei

Umulisa amekuja mbio. Tumemwekea mashine mezani akaona. Akaweka mikono kichwani.

"Kijiti kinaegemea ndani! Ni kipande chenyewe, Papa! Watu arobaini! Wote wanaomba msamaha kwa kosa letu!"

Akacheka huku machozi yanamtoka, akanibusu mashavu yote, mama yake akadai yake kwa kuwa ndiye aliyegundua. Nimesikia baadaye kwamba kiwandani wanasema ni mzee Kagabo aliyegundua. Daphrose ananiita "Bwana Injinia" tangu asubuhi, na chai yangu imecheleweshwa makusudi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia mke wa Gasana bila sababu. Nimeimba bafuni.

Jumapili, 11 Mei

Mvua kubwa. Umulisa anasema wameagiza vijiti vipya. Wamepata vichache vya kujaribia, vilivyobaki vinangoja neno la mwisho.

Ijumaa, 16 Mei

Kifungo cha mkono wa kulia kimenishinda tena, katika tundu lilelile alilolipanua Usumani. Nimesimama mbele ya kioo nikijiuliza: sawa, kijiti kilikuwa kibovu. Na shati nalo limetoka Masoro?

Nimevaa sweta juu.

Jumanne, 20 Mei

Usumani amesema naonekana mnyonge kuliko nilivyokuwa kabla ya habari njema. Nimemwambia ni mvua.

"Mvua iko inaisha, mzee."

Kweli. Leo jua limetoka mchana wote.

Jumapili, 25 Mei

Umulisa alikuja baada ya ibada na mashine mpya, yenye kijiti kipya. Aliishika kwa mikono miwili kama mama anayepokezana mtoto.

"Bosi amesema yule mzee aliyegundua kosa ndiye atoe neno. Papa, ukisema iko sawa, leo tunaagiza vijiti vilivyobaki, na kesho watu wa kuunganisha wanaingia kazini. Ukisema bado, tunasimamisha kila kitu, tunaanza upya. Anangoja simu yangu."

Akaongeza, "Na tafadhali. Sema kweli."

Akaenda kumsaidia mama yake kupika isombe. Nikabaki sebuleni peke yangu.

Niliiwasha. Barabara ya Gatsata, mvua, viazi. Sikugusa kijiti. Mtu akateremka sawasawa, kwenye njia yake ya kulia, amenyooka kabisa. Nilifurahi kumwona hivyo. Kisha nikaweka kidole gumba. Hakuhama kushoto. Alianza kutetemeka. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia kidogo, magunia yanacheza, mpaka akaanguka katikati ya barabara bila kugongwa na kitu.

Nikaondoa kidole, akanyooka. Nikarudisha, akatetemeka. Nikavusha kidole gumba cha mkono wa kulia nikakiweka juu ya kijiti kilekile. Akanyooka. Akateremka hadi darajani ameketi imara, na mimi nimejikunja kwenye kochi, mkono wa kulia umevuka upande usio wake, na wa kushoto uko pajani ukisaga mtama.

Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Niliwasikia jikoni wakicheka.

Umulisa alipotokea mlangoni akifuta mikono, uso wake uling'aa. "Eh, Papa?"

"Bado," nilisema.

"Bado nini?"

"Ina kosa bado. Inatetemeka."

Niliona uso ule ukizimika. Hakubishana nami. Hilo ndilo limenichoma, kwamba hakubishana. Kati ya watu wote wa mji huu, mimi ndiye ambaye yeye aliamini nitamwambia ukweli. Alivuta pumzi, akasema, "Sawa. Murakoze, Papa. Afadhali tujue sasa." Akachukua simu yake akatoka barazani. Mvua ilikuwa imerudi, ya mwishomwisho, matone makubwa. Nikamsikia akisema na bosi wake kwamba kijiti kipya nacho kibovu, kwamba wale wa kesho waambiwe wasije, hapana, hajui mpaka lini.

Daphrose alikuwa ametoka jikoni. Aliiokota mashine kutoka kwenye kochi, akaketi palepale nilipokuwa, akacheza. Nilisimama dirishani nikimpa mgongo. Nilisikia mvua ya ndani na mvua ya nje. Halafu nikasikia ule wimbo mfupi ambao mashine huuimba ukifika Nyabugogo salama. Miezi yote hii sikuwahi kuusikia.

Aliiweka kwenye stuli.

"Papa Umulisa," alisema. "Mtoto iko anapiga simu."

Nilitoka barazani. Umulisa alinipa ishara ningoje, nami nikatikisa kichwa.

"Kata simu."

"Papa, ni bosi..."

"Kata, mwanangu. Mashine ni nzima."

Alifunika simu kwa kiganja. "Si umesema inatetemeka?"

"Inatetemeka nikiishika mimi."

Nikautoa mkono wa kushoto mfukoni. Masika nzima nimeutembeza mfukoni, umuganda, ibadani, Masoro mbele ya wale watu na maandazi yao. Niliunyoosha mbele yake kwenye mwanga, na kidole gumba hakikunionea haya, kikaendelea na kazi yake. Umulisa alikitazama. Amemwona baba yake mkubwa Karagwe, hakuhitaji kuelezwa.

"Mwambie bosi wako mashine ni nzima," nilisema. "Watu waje kazini. Mbovu ni mimi."

Alisema kitu kwenye simu, maneno mawili matatu, akakata.

"Tangu lini, Papa?"

Nilianza kufikiri nimjibu nini. Tangu Machi? Tangu Pasaka? Sauti ikatoka nyuma yangu, mlangoni.

"Tangu Noeli," alisema Daphrose.

Niligeuka. Alikuwa amesimama na kitambaa cha jikoni, macho mekundu, lakini sauti yake haikutikisika.

"Ulijua?"

"Niko nakulala pembeni. Ningekosaje kujua? Kila siku nilikuwa nasema leo ataniambia. Na weye kila siku nta kibazo, nta kibazo, nta kibazo."

Nilitaka kukasirika na hasira haikuja. Nikasema kile nilichokuwa nacho: "Naogopa, Daphrose."

"Najua," alisema. "Kesho tunaenda hospitali. Mimi na weye."

Umulisa aliweka simu chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubana kwa nguvu. Mkono ukaendelea kutetemeka humo ndani, na hakuuachia.